Raundi mbili ndefu au nne fupi? Kisa cha mashindano ya traieli yaliyokwama kwenye kipande cha kwanza

Kisa hiki ni cha klabu moja ya pikipiki kaskazini mwa Uingereza. Nimeondoa jina la klabu, la shamba na la kila mtu, na mambo mawili matatu yasiyogusa maana nimeyageuza ili asitambulike yeyote. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Siku hiyo nilikuwa mwamuzi wa kipande cha 1 na cha 2, na sehemu ya kilichoharibika ilipitia mikononi mwangu. Saa zote nilizoandika ni kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Mchezo wenyewe

Anayezijua pikipiki kwa bodaboda au kwa mbio za vumbi atahitaji maelezo kidogo. Traieli haishindaniwi kwa kasi. Njia inapita porini, na humo njiani kuna vipande vifupi vilivyowekewa alama, nyekundu mkono wa kulia na buluu kushoto. Kipande kinaweza kuwa kijito chenye mawe, ukingo wa matope au mizizi ya mti mkubwa. Mwendeshaji hukipita akiwa amesimama juu ya vikanyagio, na mwamuzi humtazama miguu. Akipita bila kugusa chini ni 0, na mwamuzi huinua ngumi iliyofumbwa. Mguu ukigusa mara moja ni 1, mara mbili ni 2, mara tatu na kuendelea ni 3. Akianguka, akitoka nje ya alama au akishindwa kumaliza ni 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi, na wakilingana huhesabiwa aliyepita safi mara nyingi zaidi.

Pikipiki zenyewe ni nyepesi, kilo 70 hivi, hazina kiti cha kukalia, na tangi hubeba lita 2 hadi 3 tu. Tangi la bodaboda ya kawaida ni mara nne au tano ya hilo. Gia ni fupi na tairi hujazwa upepo kidogo sana ili zishike mwamba. Chombo hiki kimeundwa kwa mita 40 za mawe. Kilomita nyingi za barabara hakizipendi.

Mwandalizi lazima achague umbo la njia. Anaweza kuweka mzunguko mfupi unaorudiwa mara nyingi, au mzunguko mrefu unaopitwa mara mbili, hata mara moja. Mashindano makubwa yameligawanya jambo hili kila moja kwa namna yake. Scott Trial ya Yorkshire, iliyoanza mwaka 1914 pale Alfred Scott alipowashindanisha wafanyakazi wa kiwanda chake, ni raundi moja ndefu ya zaidi ya kilomita 100, yenye vipande zaidi ya 70. Huko hata saa inahesabiwa: kwa kila dakika unayochelewa nyuma ya aliyemaliza upesi kuliko wote, unaongezewa pointi. Scottish Six Days Trial ya Fort William huzunguka milima kwa siku sita, vipande 30 kwa siku, bila kurudia. Mashindano ya ubingwa wa dunia yamekwenda upande wa pili: vipande kati ya 12 na 15 hivi vilivyo karibu karibu, vinavyorudiwa raundi mbili au tatu, ili watazamaji wavifikie kwa miguu.

Klabu ndogo ya kijijini haina watu wa Scott wala fedha za ubingwa wa dunia, na kisa chetu kinaanzia hapo.

Hali ilivyokuwa kabla

Kwa miaka kadhaa klabu ilitumia vipande 10 kwenye mzunguko wa kilomita 3, raundi nne. Kila mtu alianzia kipande anachotaka, mradi raundi ifuate mpangilio. Waendeshaji wakiwa 58, wanakuwa kama sita kwenye kila kipande tangu dakika ya kwanza. Kumpitisha mtu mmoja, kumhukumu na kumtobolea kadi huchukua dakika moja na robo hivi, kwa hiyo wa mwisho katika sita hao alisubiri dakika sita hivi.

Manung'uniko yalikuwapo, na yalikuwa na haki. Wenye uzoefu walisema wamechoka kuzunguka kama ngamia wa kinu. Kipande kilichopitwa mara 232 kwa siku moja kwenye udongo mweusi wa milima ile, unaonyonya maji kama sifongo, kilikuwa uji ilipofika raundi ya tatu. Mkulima mwenye ardhi naye alikuwa ameanza kuuliza ukingo wa kijito chake utaota nyasi lini.

Kamati ikaamua kujaribu mzunguko mrefu: vipande 20, kilomita 11, raundi mbili. Jumla ya vipande kwa kila mtu ilibaki 40. Kila kipande kingekanyagwa mara 116 tu, na njia ingefika bonde la mbali lenye miamba mizuri ambayo klabu haikuwahi kuitumia. Mzee mmoja kwenye kikao aliuliza swali moja tu: waamuzi 20 wako wapi? Akaonyeshwa orodha yenye majina 20. Leo naweza kusema kwamba nane kati ya hayo yalikuwa majina ya inshallah. Watu hao waliombwa kwa ujumbe wa simu wakajibu "nitajitahidi", na karani akaandika kwamba watakuja.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumapili ya wiki ya kwanza ya Novemba. Jua lingezama saa 10:25, kwa hiyo njia ilipangiwa kufungwa saa 9:30 alasiri. Saa 2:30 asubuhi waamuzi tulikuwa 12.

Msimamizi wa njia alifanya hesabu ya haraka akiwa ameegemea gari lake. Vipande 16 vilivyo jirani jirani viliunganishwa viwili viwili, kila jozi na mwamuzi mmoja. Vinne vilivyojitenga vikapata waamuzi wao. Waamuzi wazoefu walipelekwa mbali, kwenye bonde lisilo na mtandao wa simu, na hilo lilikuwa jambo la busara. Mimi, mwenye msimu mmoja tu, nilibaki karibu na maegesho. Nikapewa kipande cha 1 na cha 2, vilivyotengana hatua 40, "kwa sababu hapo tutakuona ukihitaji msaada".

Waendeshaji walianza saa 4:30, mmoja kila dakika, wote kutokea kipande cha 1. Wa mwisho angeondoka saa 5:27.

Aliyekuja kwanza alishuka, akakitembelea kipande kwa miguu akichagua njia, akarudi, akapita safi. Nikainua ngumi, nikatoboa kadi, nikatembea naye hadi kipande cha 2, akapita, nikatoboa tena, nikarudi. Kwa kila mtu nilitumia dakika mbili na nusu. Nilipomaliza na wa tatu, niliporudi mwanzoni, walikuwa wanne wanasubiri. Saa 5 kulikuwa na kundi zima limezima injini, kofia zikining'inia kwenye usukani. Nilijua kuna tatizo. Sikujua bado kwamba ni tatizo la hesabu, nikadhani ni uzembe wangu, nikaanza kukimbia kati ya kipande na kipande. Kukimbia kuliokoa sekunde chache na kuniharibia jicho: mara mbili nililazimika kumuuliza mwendeshaji mwenyewe kama mguu wake uligusa.

Saa 5:40 manyunyu yakaanza. Kipande cha 2 kilikuwa na mzizi mmoja mnene uliokatiza mteremko. Asubuhi ulikuwa na gome kavu, na tairi zililishika. Baada ya watu kama ishirini na tano gome lilikuwa limechunika, mti wenyewe ukabaki mweupe na unang'aa, na mvua ilipougusa ukawa kama sabuni. Waliopita mapema walipata 0 na 1. Wale wale waliosubiri saa nzima kwenye foleni waliukuta umevuliwa nguo, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Nikawa nainua mkono wenye vidole vitano hadi nikaona aibu kuuinua.

Saa 6:15 likatokea ambalo hakuna aliyeliwaza kwenye kikao. Waliotangulia walimaliza raundi ya kwanza wakarudi kwangu kwa raundi ya pili, na nilikuwa bado na watu 18 ambao hawajaanza ya kwanza. Nani apite? Wa raundi ya pili walisema saa inawakimbia. Wa raundi ya kwanza walisema wamesimama kwenye foleni tangu saa 5, na sasa kwenye mvua. Msimamizi alikuwa bondeni, simu haishiki. Nikaamua mwenyewe: mmoja wa hapa, mmoja wa pale, kwa zamu.

Huko mbali mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Mwendeshaji mmoja aliishiwa mafuta karibu na kipande cha 13, kwa sababu alikuwa amezoea raundi za kilomita 3 na kujaza tangi kila akipita kwenye gari lake. Mwingine, kati ya kipande cha 14 na 15, alifika njia panda ambako bendera ya mshale ilikuwa imelala chini. Akafuata njia ya kondoo, akaanguka mita 300 nje ya njia akateguka kifundo cha mguu. Alikaa hapo kama dakika 40. Hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa siku hiyo kila mtu alikuwa amechelewa, na kuchelewa kulikuwa hakumaanishi kitu tena. Mwamuzi wa kipande cha 15 ndiye aliyestuka. Alilinganisha namba na mwenzake wa 14 kwa kumtuma kijana aliyepita, wakagundua namba moja imetoka 14 na haijafika 15.

Uamuzi wa saa 7:20

Msimamizi alirudi maegeshoni saa 7:20 baada ya majeruhi kupatikana na kuletwa. Wakati huo, kwa kadi zangu, waendeshaji 53 walikuwa wamepita kwangu raundi ya kwanza, 13 raundi ya pili, na watano walikuwa hawajaingia kipande chochote tangu asubuhi. Aliwaita watatu wetu, akaweka mbele yetu njia tatu.

Ya kwanza, kusogeza muda hadi watu wamalize. Akaikataa yeye mwenyewe: wale watano wangehitaji karibu saa tatu na nusu, na giza la Novemba kwenye mlima usio na mtandao halijadiliwi.

Ya pili, kuhesabu raundi ya kwanza tu na kuwaambia wote warudi nyumbani baada yake. Hii ilikuwa rahisi na ya haki kwa maana moja, kila mtu vipande 20. Lakini baadhi walikuwa tayari kipande cha 12 cha raundi ya pili, na waliosubiri sana wangelipa ada kamili kwa nusu ya siku.

Ya tatu, kukata raundi ya pili iishie kipande cha 8, ambako palikuwa na njia ya mkato ya kurudi, na kufuta alama zote za kipande cha 9 hadi 20 za raundi ya pili, hata kwa waliokwisha kuvipita safi. Hesabu ingekuwa vipande 28 kwa kila mtu.

Akachagua ya tatu, akaongeza mambo mawili. Alimtoa karani mezani akamweka kipande cha 2, mimi nikabaki na cha 1 peke yake. Na akasogeza kufunga kwa dakika 20, hadi saa 9:50. Halafu akafanya jambo ambalo nalithamini hadi leo. Aliandika uamuzi kwa kalamu nene kwenye ubao, pamoja na sababu, akausimamisha mahali ambapo kila anayeingia raundi ya pili lazima aupite. Wengine waliusoma wakaguna wakaendelea. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Foleni yangu iliisha ndani ya dakika 40.

Matokeo

Waliomaliza na kuhesabiwa ni 51. Mmoja aliumia, wawili walitolewa na mafuta na ubovu, na wanne waliondoka foleni ikiwa bado ndefu. Mmoja wa hao wanne alinikabidhi kadi yake tupu bila kusema neno. Malalamiko rasmi yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mwendeshaji aliyefutiwa vipande vinne safi vya bonde la mbali. La pili lilikuwa la mtu wa foleni ya nyuma kuhusu mzizi. Yote mawili yalisikilizwa na matokeo yakabaki. Nadhani la kwanza lilijibika kwa kanuni. La pili halikuwa na kanuni ya kulijibu, ila ndilo lililokuwa na ukweli mzito zaidi.

Jambo moja lilikwenda vizuri kuliko miaka yote: ardhi. Mkulima alipita vipande siku iliyofuata akasema ukingo wa kijito uko hai. Alichokasirikia ni lango la pili, lililoachwa wazi mara mbili. Njia fupi haikuwahi kupita kwenye lango lolote.

Uchambuzi

Baada ya siku ile wengi walisema mzunguko mrefu ndio ulioharibu. Mimi sikubaliani. Tufanye hesabu. Kwa raundi nne fupi, mwamuzi mmoja wa kipande kimoja huhukumu mara 58 kwa 4, yaani 232. Kwa raundi mbili ndefu, mwamuzi mwenye vipande viwili huhukumu 58 kwa 2 kwa 2, ambayo pia ni 232. Kwa dakika moja na robo kila mara, ni dakika 290, pungufu kidogo ya saa tano. Muda wetu wa siku ulikuwa saa tano kamili. Kwa waamuzi 20, kila mmoja angehukumu mara 116, na siku ingepumua. Kilichotunyima nafasi ni idadi ya waamuzi. Urefu wa njia uliificha tu hesabu hiyo, kwa kuwa orodha ya vipande 20 iliyobandikwa ukutani ilionekana kama ina nguvu ya vipande 20.

Mzunguko mrefu una kasoro moja ya kwake, nayo ni dakika zinazolala. Watu wote wakianzia mahali pamoja, mwamuzi wa kipande cha 20 hana kazi saa nzima na zaidi ya mwanzo, na wa kipande cha 1 hana kazi mwishoni. Kwa njia fupi ya kuanzia popote, waamuzi wote wana kazi tangu dakika ya kwanza. Kwa hiyo zile dakika 290 zilizoingia kwa shida kwenye saa tano hazikuingia kabisa.

Jozi ya mwanzo ndiyo iliyoimaliza siku. Watu waliingia mmoja kila dakika, wakatoka mmoja kila dakika mbili na nusu. Hata kama raundi ya pili isingerudi kuingiliana, wa mwisho angetoka kwangu saa 7 mchana. Jozi hiyo hiyo ikiwekwa kipande cha 11 na 12, ambako watu hufika wametawanyika, ingekuwa na foleni fupi inayovumilika. Uamuzi wa kuniweka mimi pale ulitokana na huruma kwa mgeni, na kila mmoja wetu angeufanya. Lakini mlango wa njia unahitaji waamuzi wengi kuliko sehemu nyingine yoyote, hata kama panaonekana rahisi.

Zamu yangu ya mmoja kwa mmoja ilikuwa kosa. Nilitafuta usawa kati ya watu wawili waliosimama mbele yangu, nikasahau kwamba aliye raundi ya kwanza ana vipande 19 mbele yake na saa moja na dakika arobaini na tano za kupanda, na aliye raundi ya pili anaweza kukatiwa njia. Wa raundi ya kwanza wangepita wote kwanza. Watano wale wasingebaki hadi saa 7:20.

Kuhusu haki ya ardhi, sina jibu kamili. Kwenye raundi nne fupi kila mtu huukuta mzizi ukiwa na gome, na huukuta ukiwa umechunika, kwa hiyo bahati hugawanyika. Kwenye raundi mbili ndefu za kuanza kwa zamu, namba yako ya kuanza inaamua unakutana na mlima upi. Wakati mwingine inageuka: kwenye mawe yenye ukoga wa kijani, wa mwanzo ndio wanaoteleza na wa nyuma huyakuta yamesuguliwa. Scott na Fort William wanaishi na hali hiyo na hakuna anayeiita dhuluma, kwani kusoma ardhi usiyoijua ni sehemu ya mchezo wao. Kwa klabu yenye watoto wa miaka 12 na wazee wa 70, nadhani kurudia kipande mara tatu nne ndiko kunakomfundisha mtu. Nimemwona msichana aliyepata 5, 5, 3, 1 kwenye kijito kimoja, na furaha ya ile 1 isingepatikana kwenye raundi mbili.

Lililofanya kazi ni uamuzi wa saa 7:20. Ulikata mahali ambapo kulikuwa na njia ya kurudi, uliwagusa wote sawa, uliandikwa, na uliongeza mtu mahali palipoziba badala ya kuongeza muda tu. Njia ile ya mkato kwenye kipande cha 8 haikupangwa. Ilikuwapo kwa sababu ya trekta la mkulima. Sasa klabu haichori mzunguko wowote bila mahali pa kuukatia.

Na usalama: utaratibu wa waamuzi jirani kulinganisha namba kila nusu saa haukuwapo. Ulizaliwa pale pale na mwamuzi wa kipande cha 15. Kwenye njia ya kilomita 3 mtu aliyeanguka anasikika. Kwenye kilomita 11 anahesabiwa, au hapatikani.

Walichofanya baadaye

Majira ya kuchipua klabu ilihesabu waamuzi kwanza, ikachora njia baadaye. Walipigiwa simu mmoja mmoja, na aliyesema "nitajitahidi" hakuandikwa. Wakapatikana 12, vikawekwa vipande 12, raundi tatu. Njia ilikuwa ya kilomita 5 na nusu yenye umbo la namba nane, magari yakiwa katikati. Nusu ya watu walianza tundu la juu, nusu la chini, na kila anayepita katikati aliweza kujaza mafuta. Kila mwamuzi alihukumu mara 174, chini ya saa tatu na dakika arobaini za kazi. Wa mwisho alirudi saa 9:05.

Bonde la mbali halikufikiwa, na wapo wanaolililia. Mimi pia ni mmoja wao: ile miamba inastahili raundi moja ndefu, mara moja kwa mwaka, siku ambayo klabu jirani itatuazima waamuzi wanane. Mazungumzo hayo yanaendelea. Tundu la juu la namba nane bado linapita lango la pili, na kijana wa mkulima ameomba alishike yeye. Kwenye orodha ya mashindano yajayo jina lake ndilo lililoandikwa la kwanza.